Miaka Minne kwa Kadi ya Dada

Mtu akiniuliza nilifanya kazi wapi kabla sijahamia hapa Kisumu Ndogo, humjibu kwamba sikufanya kazi popote. Nenda kaulize kwenye mashamba ya chumvi kule mbele ya Mambrui, pekua madaftari yao yote, jina langu hulipati. Utakalolipata ni jina la dada yangu. Miaka minne mimi nilikuwa yeye. Nilikwangua chumvi kwa jina lake, niliugua kwa jina lake, nilitukanwa kwa jina lake. Hata siku niliyopigiwa makofi kwa kumaliza kabla ya wote, makofi yale alipigiwa yeye, naye yuko nyumbani ameweka mguu juu ya kigoda.

Wacha nieleze, maana asiyejua mambo ya chumvini ataniona tapeli.

Kazi ya kule wakati ule ilikuwa ya kibarua. Ulipewa kadi ya karatasi ngumu yenye jina na nambari, haina picha. Asubuhi unamkabidhi nyapara, jioni anakurudishia. Kadi ikikosekana siku saba mfululizo, nambari yako anapewa mtu mwingine, na watu wa kuitaka walijaa getini kila kukicha. Sasa mwanamke atazaa, atauguliwa, atafiwa, na siku saba ni kitu gani? Basi sisi wenyewe tulikuwa na njia yetu, tukiita kushikiana. Ukishindwa kwenda, unamtuma ndugu yako akushikie kadi. Anaingia kwa jina lako, anaitika kwa jina lako, anafanya kazi yako, na mshahara mnajuana huko huko nyumbani. Nyapara anajua na wenzako wanajua. Yule anayeshika haitwi kwa jina lake hata kwa utani, kwa sababu askari wa getini si mwenzetu. Na mwenye kadi akipona anarudi, na aliyeshika anaondoka siku hiyo hiyo bila neno. Hakuna aliyeyaandika haya popote, lakini sikuwahi kusikia mtu ameyavunja kabla yangu.

Dada yangu alijikata muundi kwa beleshi. Kwa wengine hilo si jambo, unafunga kitambaa unaendelea. Lakini maji ya kule si maji ya bahari ya kuogelea. Yamekaa juani kwenye majaruba ya kukaushia chumvi wiki baada ya wiki mpaka yamekuwa mazito na makali, na ukitia mchubuko mdogo tu utajuta kuzaliwa. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne mguu ulikuwa umefura, hauingii kwenye gambuti.

"Nishikie wiki mbili tu, mdogo wangu," aliniambia.

Mimi nilikuwa nimetoka kuachishwa kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni Malindi, iliyofungwa wageni walipopungua. Sikuwa na mbele wala nyuma. Nilimwambia, "Wiki mbili si kitu, dada. Wewe pona."

Kidonda kikafunga, kikafumuka. Kikafunga tena, kikatoa usaha. Daktari akamkataza kabisa kukanyaga maji ya chumvi. Wiki mbili zikawa mwaka. Mwaka wa kwanza nilimwombea dada yangu usiku na mchana, nasema kweli. Mwaka wa pili nilimwombea nikikumbuka. Mwaka wa tatu niliacha hata kuuliza habari za mguu, na alipoanza kutembea bila fimbo nilijifanya sijaona. Roho yangu iliniambia kwamba nikiuliza, atanijibu.

Maana kazi ile ilikuwa imeshaniingia. Mwanzoni nilikuwa kichekesho. Nilitia beleshi kwa kina nikachota tope pamoja na chumvi, na wanawake wakanicheka, "Huyo analima mihogo." Nikajifunza. Chumvi huikwangui kwa nguvu za mikono, unaegemea kwa kiuno na unalilaza beleshi likatambaa juu juu. Nikajifunza kusukuma toroli juu ya ubao mmoja bila kuangalia chini. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa beleshi langu ili mtu asinichukulie, na mwaka wa nne ulipoingia nilikuwa kiongozi wa wanawake sita katika kundi la sita. Mikono ilipasuka, ikapona, ikapasuka, halafu ngozi ikachoka kupasuka. Vidole vikawa laini na vigumu kama mgongo wa kijiko. Nikimsuka binti yangu, nywele ziliniteleza, naye akawa anasema bora asukwe na mama mkubwa.

Na jina nikalizoea. Siku moja sokoni Malindi mwanamke niliyesoma naye aliniita kwa jina langu mara tatu, mpaka akaja kunigusa bega. Nilidhani anamwita mtu mwingine.

Sasa lile lililotukuta. Jumatatu moja nyapara alitukusanya kabla ya kazi. Alikuwa mzee wa Mambrui, mtu wa kofia safi na Kiswahili kilichonyooka, ambaye hata akikukaripia anaanza na tafadhali. Akatuambia kwamba kadi zinaondolewa na inaletwa mashine ya vidole. Alhamisi asubuhi kila mtu aje na kitambulisho chake cha taifa, kisomwe, kisha aweke kidole, na tangu siku hiyo geti halitamjua mtu ila kwa kidole hicho. Wale wenye zaidi ya miaka mitano wataandikwa wafanyakazi wa kudumu.

Watu walipotawanyika akanisogelea.

"Mama, jina hili lina miaka tisa," alisema kwa sauti ya chini. "Mitano yake, minne yako. Kidole ni kimoja. Zungumzeni nyumbani."

Sikuzungumza. Jumanne nikanyamaza, Jumatano nikanyamaza. Lakini kijijini petu habari haifichiki, na Jumatano jioni tukila ugali na mchicha, dada akasema bila kuniangalia, "Nasikia kesho kuna kuandikwa vidole."

"Nani kakwambia?"

"Si wewe."

Mama yetu alikuwa ameketi kati yetu. Alinyanyua macho, akayarudisha kwenye sahani.

"Mguu wangu umepona tangu masika," dada aliendelea. "Nilikuwa nangoja uniulize. Haya, hukuuliza. Kesho nitakwenda mwenyewe. Ahsante kwa kunishikia, Mungu atakulipa."

Niliweka tonge chini. "Ulisema wiki mbili."

"Nilisema mpaka nipone."

"Wiki mbili ulisema, dada, mama ni shahidi. Na hii miaka minne ni ya nani? Nani aliyekuwa anaamka saa kumi? Ile nambari ingekuwa ya mtu wa Gongoni saa hizi kama si mgongo wangu."

"Na kama si kadi yangu ungeingia kwa mlango gani?"

Mama ndiye aliyesema. Yeye ujana wake aliumalizia Kilifi, kwenye kiwanda cha korosho, akilala chumba kimoja na wenzake Kibarani, na mafuta ya maganda yalimwachia weusi vidoleni ambao haujatoka mpaka leo.

"Kazi ni ya mwenye kadi," alisema. "Mimi nilishikiwa nilipomzaa dada yako, na nikashikiwa nilipokuzaa wewe. Nilipokwenda kuichukua, mwenzangu alikuwa ameifua aproni. Akanifunga mwenyewe kwa mikono yake, akaenda zake."

"Na kiwanda chenyewe kiko wapi sasa, mama?" nikamwuliza.

Yalikuwa maneno ya kumuumiza na niliyajua. Kiwanda kilikwisha kitambo na yeye alirudi nyumbani na hiyo mikono tu. Dada alikusanya sahani.

Alfajiri, dada alipokwenda kuteka maji, nilivuta sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, mahali palipowekwa kadi za kliniki na karatasi zote za maana. Kitambulisho cha dada kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikichukua, nikakifunga kwenye pindo la leso, nikatoka. Mama alikuwa macho. Nilimwona, naye aliniona. Barabara nzima nilikuwa najiambia kwamba siibi, nachukua changu, na kila nilipojiambia hivyo nilizidi kulikaza fundo la leso.

Picha ya kitambulisho haikunitia hofu. Dada alipigwa picha hiyo akiwa na miaka kumi na minane, na sisi tumefanana pua na paji la uso mpaka watu wa kanisani hutuchanganya.

Meza iliwekwa chini ya banda, karibu na geti. Karani alikuwa mwanamke wa makao makuu, amevaa viatu visivyojua tope, na mbele yake kompyuta na kijimashine chenye taa ya kijani. Nyuma yangu foleni ilifika mpaka barabarani. Nilihesabu vichwa mbele yangu, ishirini na tatu, nikaanza kujituliza. Lakini karibu na meza nikaona kuna benchi, na kwenye benchi wameketi wanawake watano, wote wa zamani, wamekunja mikono mapajani.

"Wale wana nini?" nilimwuliza aliye mbele yangu.

"Mashine imewakataa vidole. Meneja anakuja saa nne na mafaili ya zamani, yale yenye picha za siku ya kuandikwa. Atawaangalia sura mmoja mmoja na kuwauliza maswali."

Askari wa getini naye akapaza sauti kwamba atakayeonekana si mwenye jina lake atakwenda kujieleza polisi, yeye pamoja na aliyemtuma. Nilikuwa nimejipanga kwa kidole kimoja na dakika moja. Meneja na picha ya dada ya miaka tisa nyuma sikuwa nimewapangia.

Nilikuwa nimebakiza watu watatu nilipomwona dada. Alikuwa anakuja kwa njia ya juu ya tuta, anachechemea, kandambili mkononi. Alisimama nje ya waya, mkabala na mimi, akanikazia macho. Alikuwa na kila haki ya kupiga kelele kwamba yule pale ni mwizi. Angepiga kelele, tungekwisha sote wawili na jina lake lingefutwa pale pale, na hilo alilijua kama nilivyolijua mimi. Kwa hiyo alisimama tu, jasho linamtoka, ananitazama nikisogea.

"Anayefuata."

Nikatoa kitambulisho. Karani alikitazama, akanitazama kidogo, akaandika. "Weka kidole gumba."

Nikaweka. Taa ikawa nyekundu.

"Futa, uweke tena."

Nikafuta kwenye koti langu la kazi. Nyekundu. Akaniambia nijaribu cha shahada, nikajaribu. Cha kati. Mkono wa kushoto. Akanipa kitambaa chenye dawa, nikasugua mpaka vikauma, nikarudia vyote kumi, na taa ile haikunipa kijani hata mara moja. Karani alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama, vidole vyako havina kitu. Umevioshea nini hivi?"

"Chumvi yenu," nilimjibu.

Hakucheka. Alinirudishia kitambulisho na kunionyesha benchi kwa kalamu. "Kaa pale umngoje meneja. Utamwonyesha hiki."

Nikakaa. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu. Wale wanawake watano walinipa nafasi, na mmoja akanibana mkono, maana walijua. Wao walikuwa na sura zao. Mimi nilikuwa na sura ya mtu mwingine na vidole visivyo vya mtu.

Nitasema nilichokiwaza pale, ingawa si cha kujivunia. Niliwaza niondoke. Nipite kwenye geti na kitambulisho chake, nikitupe kwenye jaruba lolote, nikose mimi na akose yeye. Miaka minne nimeacha ngozi yangu mle ndani, na kwa sababu nimeiacha mle ndani ndiyo naambiwa si mtu. Yeye je, amekaa kwenye kigoda miaka minne, anapaka mafuta ya nazi. Nilimwonea wivu kwa mikono yake. Sijawahi kumchukia dada yangu kama nilivyomchukia kwa zile dakika chache, na wakati wote huo alikuwa mbele yangu, nyuma ya waya, hajaketi, uzito wote ameutia mguu mmoja.

Nyapara alipita mbele ya benchi, daftari kwapani. Alisimama kama anayesoma.

"Mama, tafadhali," alisema bila kunitazama, "mtu akikaa muda mrefu hujisikia haja. Choo kiko nje ya geti, kile cha mabati. Nenda sasa. Gari la meneja limeshapita Mambrui."

Nikainuka. Askari aliona mwanamke wa koti la bluu anatoka kwenda choo, hakujali. Dada alinifuata kwa upande wa pili. Mle chooni mlikuwa na joto la kuokea mkate, na tulisimama karibu mpaka pumzi zetu zikagongana.

"Umeniibia," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Alifikiri. "Sijui," akasema, na mpaka leo namshukuru kwamba hakunidanganya.

Nikavua koti, nikamvisha. Nikavua leso ya kichwani nikamfunga kama ninavyofunga mimi, fundo nyuma ya sikio la kushoto. Nikavua gambuti, nikachutama kumsaidia kuingiza mguu, na hapo ndipo nilipoliona lile kovu. Lilikuwa jeupe, pana kama kiganja, na ngozi yake ilikuwa nyembamba nikaogopa kuigusa. Tulilala nyumba moja na nilikuwa sijaliangalia zaidi ya mwaka. Nilivua soksi zangu zote mbili nikamvalisha juu ya kovu, moja juu ya nyingine.

"Wewe ni wa kundi la sita," nilimwambia. "Beleshi lina kitambaa chekundu. Ukianza kuumwa, mwambie nyapara akuweke kwenye kushona magunia, usijitie ushujaa. Karani akikuuliza, umekwenda kunawa."

Nikampa kitambulisho. Alinishika vidole, akavitazama kama alivyovitazama karani, akataka kusema neno. "Nenda," nikamwambia. "Gari linakuja."

Nilivaa kandambili zake nikaenda kusimama pale pale alipokuwa amesimama yeye, nje ya waya. Nilimwona anapita kwa askari. Anajitahidi asichechemee. Hakwenda kwenye benchi, alikwenda moja kwa moja kwenye meza, na nyapara akawaomba waliokuwa mbele wampishe kwa kuwa alishapanga foleni. Karani akainua uso.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

Akaweka kidole gumba. Taa ikawa kijani mara ya kwanza, na mashine ikalia mlio mmoja mfupi.

"Kumbe ulikuwa uchafu tu," karani akasema.

Gari la meneja lilikuwa limefika getini, vumbi linalifuata. Karani alisimama na karatasi yake ili waliokwisha kuandikwa waitwe na kuingia kazini. Aliita jina la kwanza, likaitikiwa. La pili, likaitikiwa. La tatu akaita la dada yangu.

"Niko," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa, kama nilivyosema kila asubuhi kwa miaka minne. Neno lilitoka kabla sijajua kwamba nina kinywa. Dada yangu alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwa karani, mdomo ameufunga. Askari akageuka. Karani akageuka. Wanawake wa kundi la sita waliinamisha vichwa, na mimi nikashika waya kwa mikono miwili.

Nyapara alifunga daftari lake taratibu.

"Ni mdogo wake, bibie," alisema. "Amemletea chakula. Wamezoea kuitikiana, tafadhali msamehe."

Karani alinitazama, akamtazama dada, pua na paji la uso. Akarudia jina.

"Niko," dada akasema, kwa sauti ndogo, na karani akatia alama.

Nilibaki pale kwenye waya mpaka nilipomwona amefika kwenye jaruba letu, akazunguka, akaliona beleshi lenye kitambaa chekundu. Alilishika vibaya, mikono karibu karibu. Akalitia kwa kina, akachota tope. Wanawake wa kundi langu walimtazama na hakuna aliyemcheka, na mmoja akamsogelea akamwonyesha namna ya kulilaza. Kisha nikarudi nyumbani na kandambili zake kumwambia mama kwamba mwenye kadi ameichukua, na kwamba koti sikuwahi kulifua.